Baada ya lango la kituo: tathmini ya msaada wa rika kwa wanaotoka kwenye matibabu ya uraibu

Tuanze na uamuzi ili asiye na muda aondoke nao mapema. Msaada wa rika wa kujitolea ni miongoni mwa huduma bora anazoweza kupata mtu anayetoka kwenye matibabu ya uraibu, mradi awe amekabidhiwa kwa msindikizaji wake kabla hajavuka lango la kituo. Huduma inayokaa ikisubiri aitafute mwenyewe akishafika nyumbani ni nusu huduma, hata kama wanaoitoa ni watu wema kupindukia. Maneno mengi hapa chini yanahusu jambo hilo moja, kwa sababu ndilo linalotofautisha programu zinazobaki na watu na zile zinazobaki na orodha ya majina.

Kwanza tuelewane tunapima nini. Msindikizaji ni mtu aliyewahi kuwa mraibu, ameacha, amepata mafunzo ya kutosha kujua mipaka yake, na anatoa saa zake bila malipo. Si daktari wala si mnasihi. Kazi zake ukizitazama ni za kawaida mno: kupiga simu, kwenda na mwenzake mara ya kwanza kwenye mkutano wa kikundi cha wanaoacha uraibu, kumkumbusha siku ya kliniki, kukaa naye ile saa ambayo tamaa imepanda. Anayemwendea akitarajia tiba atavunjika moyo. Anayemwendea akitaka mtu wa kumpokea, na anayejua arosto (mateso ya mwili unaponyimwa dawa uliyoizoea) ni nini bila kuelezwa, atakuwa amefika panapofaa.

Makabidhiano

Desturi ya vituo vingi ni kumpa mtu karatasi yenye namba za simu na ratiba ya mikutano siku anayoruhusiwa. Karatasi hiyo huishia mfukoni. Mwaka 1981 watafiti wawili wa Marekani, Sisson na Mallams, waliwagawa watu 20 wenye tatizo la pombe. Nusu walielezwa tu mikutano ilipo na inapoanza. Nusu nyingine waliunganishwa kwa simu na mwanachama aliyejitolea kwenda nao. Wa kundi la pili walihudhuria wote. Wa kundi la kwanza hakuonekana hata mmoja. Watu 20 ni wachache, na hakuna anayejenga sera juu ya idadi hiyo peke yake, lakini utafiti mkubwa zaidi wa Christine Timko na mwenzake, uliochapishwa 2007, ulielekea upande huohuo: wanaounganishwa kwa bidii hushiriki zaidi na hali zao huwa nafuu kuliko wanaopewa ratiba na kutakiwa heri.

Makabidhiano yaliyofanywa vizuri huonekana hivi. Msindikizaji anafika kituoni angalau mara mbili katika wiki ya mwisho. Mara ya kwanza ni kufahamiana tu, nusu saa hivi, bila fomu yoyote mezani. Kama wawili hao hawaivi, msimamizi ana siku za kutosha kumtafuta mwingine, na hilo lisichukuliwe kama kosa la mtu. Mara ya pili wanaandika mpango wa siku 14 za kwanza: nani anampokea langoni, analala wapi, siku ya kliniki ni lini, mkutano wa kwanza uko wapi na saa ngapi. Namba zinaingizwa kwenye simu zote mbili na simu inapigwa hapohapo ili isikike ikiita. Hili linaonekana dogo, lakini ndipo mipango mingi inapokatikia: laini ilishafungwa kwa kukaa miezi bila matumizi, au simu yenyewe iko kwa shemeji, na hakuna anayegundua mpaka siku ya tatu mtu anapotafutwa.

Inaandikwa pia namba ya mtu wa pili, kama mama, dada au jirani, pamoja na ruhusa ya mhusika mwenyewe inayosema ni nini mtu huyo anaweza kuambiwa na nini hapana. Bila ruhusa hiyo msindikizaji hujikuta njia panda: akinyamaza anaonekana hajali, akisema anaonekana msaliti.

Jambo jingine ambalo programu nzuri hulishughulikia ni njia yenyewe ya kurudi nyumbani. Mara nyingi inapita maskani ya zamani. Kubadilisha kituo cha kushukia, au kufika mchana badala ya jioni, ni uamuzi wa dakika mbili ukifanywa kituoni na ni mgumu sana ukiachwa ufanywe barabarani. Na kama kituo kina uhuru wa kuchagua siku ya kumruhusu mtu, kiepuke mkesha wa siku za mapumziko. Kumtoa mtu jioni wakati kliniki na ofisi zinafungwa kwa siku mbili au tatu ni kumtupa kwenye pengo ambalo msaada wa kujitolea hauwezi kuliziba peke yake.

Kukutana kwa mara ya kwanza nje ya kituo kuwe ndani ya saa 24. Programu inayosema "tutawasiliana wiki ijayo" tunaipa alama ya chini bila kusoma zaidi.

Kwa nini wiki mbili hizo

Kwa waliokuwa wakitumia heroini au dawa nyingine jamii ya afyuni, hatari kubwa kuliko zote haiko ndani ya matibabu bali mara tu baada yake. Mwili uliokuwa umezoea dozi kubwa hupoteza mazoea hayo ndani ya siku na wiki chache za kutotumia. Kichwa kinakumbuka kipimo cha zamani, mapafu hayakikumbuki. Anayeteleza na kurudia kiasi kilekile anaweza kuacha kupumua. Akichanganya na pombe au na vidonge vya utulivu kama diazepamu, hatari inapanda zaidi. Mara nyingi hutumia peke yake kwa aibu, kwa hiyo hakuna wa kumwamsha.

Utafiti wa John Strang na wenzake, uliochapishwa Uingereza 2003, uliwafuatilia wagonjwa 137 baada ya kuondolewa sumu ya afyuni wakiwa wamelazwa. Waliokufa kwa kuzidisha dozi walikuwa watatu, na wote walitoka katika kundi la waliomaliza programu na kupoteza mazoea ya mwili. Kwa lugha nyingine, walikuwa wale ambao kituo kingewahesabu kuwa wamefaulu. Kwa wanaotoka gerezani picha ni kali zaidi: katika jimbo la Washington, Marekani, utafiti wa Ingrid Binswanger na wenzake wa 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi ilikuwa mara 129 ya wakazi wengine. Gereza si kituo cha tiba, ila mwili unaopoteza mazoea haujali umefungiwa wapi.

Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa programu yoyote inayohudumia watu wa aina hii ni kama wasindikizaji wake wanabeba naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha afyuni, na wanajua kuitumia. Wanaojibu "sisi tunahubiri kuacha, hatuhamasishi matumizi" hawajaelewa kazi yao. Mafunzo yenyewe hayachukui hata saa moja. Mtu asiyeamka ukimwita na kumsugua mfupa wa kifua kwa konzi, anayepumua kwa nadra au kukoroma kwa uzito, midomo imekuwa ya buluu au kijivu na mboni zimesinyaa: piga simu ya dharura, nyunyiza naloksoni ya miligramu 4 katika tundu moja la pua, kisha mpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, moja kila sekunde 5 hivi. Zikipita dakika 2 hadi 3 bila mabadiliko, toa dozi ya pili tundu la upande mwingine. Akianza kupumua mlaze ubavu.

Sehemu inayosahaulika ni inayofuata. Nguvu ya naloksoni huisha kati ya dakika 30 na 90, na dawa aliyotumia inaweza kudumu kuliko hapo. Isitoshe ameamka na arosto, ana hasira, na wazo lake la kwanza ni kutumia tena ili maumivu yaishe. Hapa ndipo msindikizaji anapomzidi mpita njia: anakaa, anamweleza kwamba maumivu hayo yatapungua yenyewe, na hamwachi mpaka wahudumu wa afya wafike. Naloksoni haifanyi kazi kwa pombe wala diazepamu, lakini ukiwa na shaka mpe tu, kwani haimdhuru aliyetumia kitu kingine.

Kwa pombe hatari imekaa upande wa pili. Aliyeteleza akanywa mfululizo kwa siku kadhaa, kisha akaamua kuacha ghafla kwa sababu msindikizaji amemtia moyo, anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho, na kuchanganyikiwa kukali kwa siku ya pili hadi ya nne: jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio, kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Vidonge vya usingizi na utulivu vilivyotumiwa muda mrefu navyo haviachwi ghafla. Msindikizaji anayemwambia mtu wa namna hii "vumilia, mimi nilivumilia" ni wa kuondolewa kwenye kazi kwa muda na kurudishwa darasani. Jibu sahihi ni hospitali, leo, na yeye aende naye.

Simu na mazungumzo yake

Ratiba tunayoipendekeza, na ambayo programu zilizopangika huikaribia, ni simu kila siku kwa wiki ya kwanza, siku moja ndiyo, siku moja hapana kwa wiki ya pili, mara mbili kwa wiki hadi mwezi utimie, halafu mara moja kwa wiki mpaka miezi mitatu. Dakika 10 zinatosha. Saa iwe ileile kila mara, na afadhali iwe muda mfupi kabla ya saa ambayo mtu alizoea kutumia, si baada yake.

Wasiozoea huanza kwa "umetumia?" Swali hilo linaalika uongo, na uongo ukishaingia simu inageuka kuwa mahojiano. Wanaojua kazi huulizia mwili na mazingira: umelala vipi, umekula saa ngapi, leo jioni uko na nani, kesho asubuhi una nini. Katika vikundi vya hatua 12, yaani vya kusaidiana kuacha kwa kufuata hatua 12, kuna kanuni ya zamani ya vitu vinne vya kuchunga: njaa, hasira, upweke na uchovu. Majibu ya maswali hayo manne yanaeleza hali ya mtu vizuri kuliko kiapo. Siku za mshahara, misiba, harusi na sikukuu ziandikwe mapema kwenye kalenda ya msindikizaji, na simu ya siku hizo iwe mbili.

Tamaa ikiwa imepanda wakati wa simu, kazi ni kununua muda. Kwa kawaida wimbi moja hupanda, hufika kileleni na kushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa. Basi msindikizaji anabaki kwenye laini, anamtaka mwenzake atoke chumbani, anywe maji, ale chochote, atembee mpaka penye watu. Hakuna haja ya hotuba. Akiwa na akili ya kuongea, waongelee la kufanya saa inayofuata, si maisha yake yote.

Halafu kuna simu isiyopokewa, na hapo ndipo utaiona programu ilivyo. Iliyopangika ina utaratibu ulioandikwa na kukubaliwa na mhusika tangu kituoni: jaribu tena baada ya saa mbili, tuma ujumbe mfupi usiotaja matibabu (simu huazimwa, simu husomwa), na kesho yake asubuhi mpigie mtu wa pili. Siku ya pili bila jibu, watu wawili waende, si mmoja. Ambayo haikupangika humwachia msindikizaji ahisi mwenyewe, naye huamua ama kukimbilia mlangoni usiku peke yake, ama kudhani kijana wa watu amechoka kusumbuliwa. Maamuzi yote mawili tunayahesabu kuwa kasoro ya programu, si ya mtu.

Vikundi

Msindikizaji wa mtu mmoja ni daraja. Ng'ambo yake kuwe na kundi, maana mtu mmoja huugua, husafiri na huchoka. Yapo ya aina nyingi, nasi tutasema machache kuhusu mawili ambayo msomaji ana uwezekano mkubwa wa kuyakuta.

Vikundi vya hatua 12 ndivyo vikongwe: Alcoholics Anonymous (AA) ilianza Akron, Ohio, mwaka 1935 kwa ajili ya walevi, na Narcotics Anonymous (NA) ilianza California 1953 kwa wa dawa za kulevya. Havitozi kiingilio; kikapu hupitishwa na asiye na kitu hukisogeza mbele bila aibu. Mkutano huchukua saa moja hadi moja na nusu. Kuna mikutano ya wazi, ambayo ndugu anaweza kuketi, na ya wenyewe tu. Watu hutumia jina la kwanza pekee. Katika NA utapewa kishikio cha funguo cheupe siku ya kwanza, cha rangi ya chungwa siku ya 30, kijani siku ya 60, chekundu siku ya 90. Wanaodharau vishikio hivyo hawajaona mtu akikitafuta cha kwake chini ya kitanda. Baadaye unatafuta mdhamini, yaani mwanachama mzoefu wa kukupitisha kwenye hatua. Msindikizaji asiwe mdhamini wa mtu huyohuyo, ili wakikosana kwenye jambo moja lisimponyoke na la pili.

Je, vinafaa? Kwa pombe ushahidi ni mzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaojumlisha tafiti za afya, yaliyofanywa na Kelly, Humphreys na Ferri, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Pale mtu alipopitishwa katika programu rasmi ya kumwingiza AA, baada ya mwaka mmoja asilimia 42 walikuwa hawajagusa pombe kabisa, dhidi ya asilimia 35 kwa matibabu mengine kama tiba ya kubadili fikra na tabia. Tofauti si ya kutisha, lakini mikutano ambayo mtu huingizwa haina malipo. Kwa dawa nyingine za kulevya usihamishe takwimu hizo kama zilivyo. Na kwa msindikizaji wa mmoja kwa mmoja, ushahidi uko upande mzuri ila ni mwepesi: tafiti nyingi ni ndogo na kila moja imeita "msaada wa rika" kitu chake.

SMART Recovery, iliyochukua jina hilo 1994, inamfaa asiyetaka lugha ya Mungu na nguvu kuu. Mwezeshaji amefunzwa lakini si lazima awe aliwahi kuwa mraibu. Watu hujibizana moja kwa moja, jambo ambalo AA na NA kwa kawaida hawalifanyi, na kuna kazi za mezani kama jedwali la faida na hasara za kutumia na za kuacha, za leo na za baadaye. Udhaifu wake ni uchache wa mikutano ya ana kwa ana. Mikutano ya mtandaoni ipo ya aina zote mbili, na saa nane usiku ni msaada wa kweli. Ila kwa wiki ya kwanza isichukue nafasi ya mtu wa kukaa naye, kwa sababu kamera huzimwa kwa kidole kimoja.

Kwa ndugu kuna Al-Anon, iliyoanza 1951. Programu inayompokea anayetoka na kuwasahau wanaoishi naye inajipa kazi mara mbili.

Yanayoharibu

La kwanza ni vita dhidi ya dawa za tiba. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa afyuni, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005, na anayeziacha kwa kushawishiwa anarudi kwenye hatari ileile ya mwili uliopoteza mazoea. Bado utakuta msindikizaji akimwambia mtu kwamba "hujaacha, umebadilisha bidhaa tu". NA yenyewe ni programu ya kuacha kabisa, na vikundi vyake hutofautiana kuhusu kama anayetumia methadoni azungumze au asikilize tu. Ni vyema mtu alijue hilo kabla hajaingia, asije akaona amefukuzwa. AA kwa upande wake inasema wazi kwamba mwanachama asijifanye daktari. Kwa hiyo muulize msindikizaji mapema: nikiwa kwenye methadoni, utanishauri nini? Jibu tunalotaka kusikia ni fupi: hayo ni ya kwako na kliniki, mimi nitakusaidia usikose siku. Na ajue pia kwamba aliyekosa methadoni siku tatu mfululizo au zaidi asirudie dozi yake kamili kabla kliniki haijampima upya. Aliyekuwa akichomwa naltreksoni, dawa inayozuia afyuni isifanye kazi mwilini, kila mwezi na akaacha naye yumo hatarini, maana mwili wake hauna mazoea yoyote yaliyobaki.

La pili ni fedha. Msindikizaji asikopeshe, asikope, asitunze kadi ya benki ya mtu wala kumlipia deni la muuza unga. Mtu akihitaji wa kumshikia mshahara wa kwanza, awe ndugu au kituo, kwa maandishi. Deni la elfu chache limewahi kuua uhusiano mwingi kuliko kuteleza. Mapenzi ni mwiko kabisa. Programu nyingi huwapanga wanawake na wanawake, wanaume na wanaume, na kwa wapenzi wa jinsia moja humuuliza mtu angependa nani. Kulala nyumbani kwa msindikizaji, hata usiku mmoja, hapana. Kuwe na orodha ya nyumba za kupata nafuu, zile ziitwazo soba, iliyohakikiwa mwezi huu.

Siri nayo huvuja kwa njia ndogo. Kundi la WhatsApp lenye namba za watu wote na jina linalotaja uraibu ni uvujaji, hata kama limefunguliwa kwa nia njema. Picha za "waliofanikiwa" kwenye ukurasa wa shirika ni zaidi ya hapo: miezi minne baadaye mmoja wao akiteleza, mtaa mzima una ushahidi.

Uchanga wa wasindikizaji tunaukuta mara nyingi. Mtu mwenye miezi mitano anapewa watu sita kwa sababu ana ari. Kiwango cha chini kiwe mwaka mmoja bila kutumia. Sisi tungependelea miwili. Watu watatu kwa msindikizaji mmoja wa kujitolea wanatosha, watano ndio mwisho, na katika hao asiwepo zaidi ya mmoja aliye kwenye wiki mbili za kwanza. Kikao cha usimamizi kila wiki mbili si anasa. Humo ndipo msindikizaji husema kwamba simu za usiku zimemchosha, au kwamba hadithi ya mwenzake imemwamshia ya kwake. Kuwe na mpango ulioandikwa wa siku msindikizaji mwenyewe akiteleza: nani anachukua watu wake siku hiyohiyo, nao wanaambiwa nini. Wanaambiwa ukweli, kwa ufupi, na mtu mwingine anayewajua tayari.

Mafunzo yaguse pia kujiua. Wengi huogopa kuuliza wakidhani watampa mtu wazo. Haiko hivyo. Swali la wazi, "unawaza kujiua?", lina heshima kuliko kuzungukazunguka, na jibu la ndiyo lina njia moja: usimwache peke yake, ita msaada wa kitabibu.

Mwisho wa orodha, ingawa kwa uzito lingekuwa juu, ni programu inayomfukuza aliyeteleza. Alan Marlatt na Judith Gordon walilieleza jambo hili vizuri mwaka 1985: kinachogeuza kuteleza mara moja kuwa kurudia kabisa mara nyingi ni hukumu ambayo mtu anajipa mwenyewe. Hujiambia maji yakimwagika hayazoleki, akaendelea mpaka mwisho wa mfuko. Huduma nzuri ina utaratibu wa saa 24 baada ya kuteleza. Kwanza usalama: ametumia nini, kiasi gani, yuko na nani, naloksoni iko wapi. Pili, kukutana ana kwa ana siku hiyo au kesho yake, mahali penye mwanga na watu. Tatu, kurudi nyuma kwa utulivu, saa kwa saa, kutoka alipotumia hadi uamuzi mdogo wa kwanza ulioelekea huko: simu aliyoipokea, njia aliyopita, mlo alioruka. Nne, kuijulisha kliniki kama ruhusa ipo. Ratiba ya simu inarudi kuwa ya wiki ya kwanza. Hakuna kuomba msamaha mbele ya kundi.

Kuifunga kazi

Programu nyingi hazina mwisho. Simu hupungua tu mpaka zinakoma, na mtu anabaki akijiuliza amekosa nini. Tarehe ya mwisho itajwe siku ya kwanza, miezi mitatu au sita, na wiki tatu kabla yake wakae kuhesabu nani wengine wapo kwenye simu yake: mdhamini, watu wawili wa kundini, mnasihi, ndugu mmoja anayeelewa. Wasipofika watatu, muda uongezwe mwezi. Namba ya programu ibaki kwake, ikiwa na saa zinazojulikana za kupokelewa. Anayeomba kuwa msindikizaji mwezi wa nne, na wapo wengi, akaribishwe kupanga viti na kufungua mlango wa mkutano. Simu za watu zisubiri atimize mwaka.